Jiko la kuchomea nyama: usafi kwanza, twahara baadaye

Idd ya kuchinja ina kazi ambayo kila mtu huikimbilia, na ina kazi ambayo kila mtu huikimbia. Ya kwanza ni kugawa nyama. Ya pili ni kuosha jiko lililochomewa nyama hiyo. Sisi tunaohudumu katika kamati ya msikiti tunalijua vyema jambo hili, kwa kuwa vyombo vya jamaa vimewekwa katika amana yetu: masufuria makubwa, majamvi, turubai, na lile pipa lililopasuliwa katikati, likatiwa miguu ya chuma na kuwekewa wavu wa nondo juu yake. Masufuria hurudi yameng'aa. Pipa hurudi na mafuta yake, na aghalabu hurudi usiku, wakati katibu amekwisha kulala.

Hapa Hanga suala hili lina uzito zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni baridi. Nyanda za Songea ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka ya karibuni Idd ya kuchinja imekuwa ikiangukia Juni, ndani ya kipupwe. Shahamu ya ng'ombe na ya mbuzi haingoji jioni. Nyama ikishaepuliwa na mkaa ukafifia, mafuta yaliyochuruzika kwenye nondo huganda yakawa meupe kama nta. Anayeyaendea asubuhi na kopo la maji baridi anajichosha bure.

Sababu ya pili ni ujirani. Hanga inajulikana nchini kwa abasia ya watawa Wabenediktini, na majirani zetu wengi ni Wakristo. Tunachangia koo, tunachangia misiba na arusi, na tunaazimana vyombo. Jiko litakalochoma mbuzi wa walima wetu Jumamosi huenda lilichoma nguruwe katika sherehe ya jirani Jumapili iliyotangulia. Hatusemi hayo kwa kumkebehi mtu. Jirani amekula kilicho halali katika dini yake, na ameazima jiko lake kwa moyo mweupe. Lakini sisi tunaopokea jiko hilo tunadaiwa jibu, na swali hili hutufikia kila msimu wa arusi: je, litumike au lirudishwe?

Swali si jipya. Sahaba Abu Thaalaba al-Khushani (Allah amridhie) alimuuliza Mtume (rehema na amani za Allah zimshukie) kuhusu vyombo vya Watu wa Kitabu aliokuwa akiishi katika ardhi yao, na katika mapokezi ya Abu Daud alieleza wazi kwamba watu hao walikuwa wakipika nguruwe katika vyungu vyao. Jibu alilopewa, kwa maana yake, ni kuwa vikipatikana vyombo vingine vitumike hivyo, na visipopatikana, basi hivyo hivyo vioshwe kwa maji kisha vitumike. Asili ya hadithi hii imo pia katika Bukhari na Muslim. Jiko lisirudishwe kwa mwenyewe kwa aibu, basi. Lioshwe.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kudhani kuosha ni kumwaga maji. Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, chombo kilichoguswa na najisi ya mbwa au ya nguruwe huoshwa mara saba, moja kati ya hizo ikiwa kwa udongo safi uliochanganywa na maji. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa sharti ambalo nje ya darasa husahauliwa: mwili wa najisi uondoke kwanza. Hata kama kuuondoa kumehitaji kuosha mara tano, zote hizo huhesabiwa kuwa ni mara moja tu. Maana yake, mafuta yakiwa bado yameng'ang'ania nondo, mtu anaweza kuhesabu mara saba, kumi au ishirini, na maji hayajagusa chuma hata kidogo. Yanapita juu ya mafuta na kudondoka.

Wapo wanaosema moto umekwisha kutakasa. Hiyo si kauli ya Mashafii. Kwao moto haugeuzi najisi kuwa twahara, ijapokuwa wanazuoni wa madhehebu mengine wana maelezo yao. Na wapo wanaoona mara saba ni mzigo. Hao wajue kwamba Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria na ni nguzo ya madhehebu hayo hayo, aliona kwa upande wa dalili kuwa nguruwe huoshwa kama najisi nyingine, pasi na udongo. Sisi tunashika zile saba, kwa sababu kutoka katika khitilafu kunautuliza moyo, na kwa sababu udongo wa Songea haununuliwi dukani. Lakini kwa kauli zote mbili mafuta lazima yatoke kwanza. Na mafuta hayatolewi kwa fat'wa. Yanatolewa kwa majivu, magadi, sabuni na maji ya moto.

Tuanze na kuujua uchafu wenyewe, maana kwenye jiko la nyama kuna wa aina mbili. Kuna mafuta mapya, yaliyochuruzika leo, ambayo ni laini na huyeyuka kwa joto. Na kuna mafuta ya zamani, yaliyopashwa moto mara kwa mara hadi yakawa utando mweusi, mgumu, unaonata kama vanishi. Ya kwanza hutoka kwa maji ya moto na sabuni. Ya pili sabuni peke yake haiyawezi.

Kinachoyaweza ni kitu chenye asili ya alkali, na jikoni mwetu vipo viwili. Cha kwanza ni majivu ya kuni. Bibi zetu waliosugulia masufuria majivu hawakuwa wakifanya hivyo kwa kukosa pesa ya sabuni tu. Majivu yana chumvi ambayo ikikutana na mafuta pamoja na maji ya moto huyageuza sehemu yake kuwa sabuni pale pale chomboni. Neno lenyewe alkali limetoka katika Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea fulani. Na mji wa Nablus, kule Palestina, ulijulikana kwa karne nyingi kwa sabuni ya mafuta ya zeituni iliyopikwa kwa majivu yaliyoletwa na Mabedui kutoka ng'ambo ya mto Yordani. Anayechota majivu mekoni Hanga anashika ufundi ule ule kwa namna nyepesi. Cha pili ni magadi, yale wanayotia akina mama kwenye mlenda na maharage, yanayopatikana kwenye maziwa ya chumvi kama Natron upande wetu na Magadi upande wa Kenya. Magadi yana nguvu zaidi kuliko unga wa soda wa kuokea mikate, na hapa kwetu ni rahisi zaidi.

Kazi yenyewe inaanza wakati jiko lingali na moto, jambo ambalo wachomaji wengi hawalipendi kwa sababu wakati huo ndipo sahani zinapopita. Nyama ya mwisho ikishaepuliwa, mkaa uachwe uendelee kuwaka robo saa wavu ukiwa juu yake. Mafuta mapya yatadondoka na kuungua, na mabaki ya nyama yatakauka yawe makaa. Kisha nondo zikwanguliwe kwa ubao wa mti mgumu uliochongwa kwenye ncha. Ubao huo hujichonga wenyewe kwa matumizi. Baada ya mara tatu unakuwa na vijino vinavyolingana na nafasi za nondo. Wengine hutumia nusu ya kitunguu iliyochomwa kwenye uma, wakapitisha juu ya wavu wenye moto. Kitunguu kinasaidia, hatubishi, ila kwa wavu wenye utando wa mwaka mzima ni kumbembeleza nyati.

Jiko likipoa, majivu ya pipani yatolewe. Yaliyolowa mafuta yatupwe shimoni. Ya kusugulia yachukuliwe jikoni, kwenye mafiga ya kuni, yachekechwe ili changarawe na misumari visibaki. Vikombe vitatu vya majivu kwa kikombe kimoja cha maji ya moto hufanya uji mzito unaoshika kwenye chuma. Wavu upakwe uji huo pande zote, uachwe saa moja. Mikono ifunikwe kwa glavu au hata mifuko ya plastiki, kwa kuwa majivu yaliyolowa huchubua ngozi, na mwenye kidonda atalijua hilo mapema.

Kwa utando uliokomaa, tunatumia njia ambayo haihitaji beseni, maana wavu wa pipa hauingii katika beseni lolote la nyumbani. Chukua gunia kuukuu. Yeyusha vijiko vinne vya chakula vya magadi katika kila lita ya maji ya moto, ongeza sabuni ya unga kiasi cha kutoa povu, loweka gunia, uzungushie wavu, kisha ufunike kwa nailoni ili unyevu usikimbie. Lala. Asubuhi utando utakuwa umelainika kama ngozi ya maharage yaliyolowekwa. Hapo ndipo gunzi la mahindi linapoonyesha kazi yake. Mkoa wa Ruvuma unavuna mahindi kwa magunia mengi, na magunzi tunayaacha yaoze au tunayatia motoni. Ilhali gunzi kavu lina ukali wa kukwangua na ulaini wa kuingia kati ya nondo, na likichakaa linatupwa bila hasara. Dodoki nalo hufaa, hasa kwenye kona. Mchanga laini nao unafaa kwa pipa lenyewe, ndani.

Tahadhari moja: majivu na magadi ni kwa chuma. Vifuniko na masufuria ya aluminiamu visiachwe ndani ya maji ya magadi, kwani huliwa na kugeuka vyeusi.

Wasomaji watauliza habari ya limau, ndimu na siki, ambavyo husifiwa sana. Hivyo ni asidi, na kazi yake ni kutu na harufu, si shahamu. Nondo ikiwa na kutu, ipakwe limau na chumvi, iachwe nusu saa, isuguliwe na kusuuzwa. Kuna mtindo wa kuchanganya magadi na siki kwa pamoja, povu likafoka, na mwenye kuosha akafurahi. Povu lile ni hewa tu, ile ile iliyo katika soda ya chupa. Magadi na siki vimekutana, kila kimoja kikaiua nguvu ya mwenzake, na kilichobaki ni maji ya chumvichumvi. Atakaye kuvitumia vyote atumie magadi kwanza, asuuze, kisha siki.

Mchanganyiko huo ni hasara ya siki tu. Upo mwingine ulio hasara ya uhai. Dawa ya klorini, ile ya kung'arishia kanzu na shuka nyeupe, isikutane kamwe na siki, limau, ndimu, wala sabuni za chooni zenye asidi. Hutoka gesi ya klorini, nayo ndiyo gesi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Ndani ya jiko dogo lililofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, kiasi kidogo chatosha kumfanya mama akose pumzi. Isitoshe, klorini haina kazi kwenye mafuta na inaleta kutu. Hatuoni sababu hata moja ya kuipeleka karibu na jiko la nyama.

Wala petroli, dizeli na mafuta ya taa. Tumewaona vijana wakisugulia nondo kwa tambara la petroli kwa hoja kwamba mafuta hutolewa kwa mafuta. Chuma kinashika harufu, nyama inashika harufu, na mkaa unaofuata unaweza kulipuka usoni mwa anayeuwasha. Kuhusu kostiki, ile ya watengeneza sabuni, kweli inaondoa mafuta kupita magadi yote. Inaondoa pia ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Nyumba yenye watoto haina haja nayo. Ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, apelekwe hospitali, na asipakwe siki wala limau kwa kudhani vitapoza.

Brashi za nyaya zinazouzwa madukani tunaziogopa kwa sababu nyingine. Nyuzi zake hung'oka, hunata kwenye wavu, huingia kwenye nyama, na aliye mezani humeza sindano. Mwaka 2012 kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani kilitoa taarifa ya wagonjwa sita waliotibiwa katika hospitali moja ya Providence, jimbo la Rhode Island, kwa sababu hiyo hiyo. Wapo waliochomwa kooni na waliotobolewa utumbo. Stilwaya ina hatari ya namna hiyo, hasa ikishachakaa. Atakayetumia chochote cha nyaya asuuze kwa maji mengi na kupangusa wavu kwa kitambaa kabla nyama haijawekwa.

Chuma kikishaoshwa kitabaki cheusi, na hapa kuna jambo linalowasumbua bila sababu wale wenye wasiwasi. Weusi si mafuta. Rangi iliyobaki baada ya juhudi ya kweli imesamehewa kisheria. Bibi Khawla bint Yasar alipomuuliza Mtume kuhusu alama ya damu isiyotoka katika nguo, aliambiwa kwa maana kwamba maji yanamtosha na alama haimdhuru. Fundi wa kuchomelea naye atakwambia vivyo hivyo kwa lugha yake: nondo nyeusi iliyo kavu ni nondo nzima, na iliyokwanguliwa hadi ikang'aa itakuwa na kutu kesho yake. Namna ya kupima ni kunyunyiza maji. Yakikusanyika vidonge vidonge na kuteleza, mafuta yapo. Yakitandaa na kulowesha chuma, mafuta yametoka. Hapo, kwa jiko lililochomewa nguruwe, ndipo hesabu ya zile saba inapoanza kuwa na maana, na udongo uwe udongo. Majivu na sabuni vilikwisha kumaliza kazi yake. Kwa kauli yenye nguvu ya Mashafii haviwi badala ya udongo.

Mwisho wavu uwekwe juu ya mkaa kidogo ukauke kabisa, upakwe mafuta ya alizeti kwa kitambaa, kiasi cha kuona mng'ao hafifu tu, na uhifadhiwe umening'inizwa, si kulazwa sakafuni.

Maji machafu yasimwagwe penye kutawadhia. Shahamu ya moto huteremka kwenye bomba ikiwa maji na kuganda mita mbili mbele, na anayeita fundi ni kamati. Yachimbiwe shimo mbali na kisima. Mafuta mazito yapanguswe kwanza kwa karatasi na kuchomwa. Na kwa kuwa tumetaja karatasi, tuna ombi: gazeti hili na mengine yenye aya, hadithi na majina ya Allah yasipangusiwe jiko wala yasifungiwe mishikaki.

Wanaotengenezesha jiko jipya waulize pipa lilibeba nini. Lililobeba dawa ya shamba lisitumike hata likichomwa siku nzima. Lililobeba mafuta ya kula ndilo bora. Wavu wa uzio, ule wa rangi ya fedha, umepakwa zinki, nayo huyeyuka kwenye nyuzi joto karibu 420, joto ambalo mkaa mwekundu hulifikia bila shida. Moshi wake hudhuru. Nondo tupu zinatosha. Na mafuta yakishika moto wakati wa kuchoma, yasimwagiwe maji, bali yafunikwe kwa bati au mchanga.

Limebaki suala la nani aoshe. Katika shughuli zetu wachomaji ni wanaume, hufunga shuka kiunoni na kupewa sifa zote, na jiko lenye mafuta huachiwa wanawake ambao tangu alfajiri walikuwa kwenye wali. Kamati yetu iliona hilo si uadilifu. Siku hizi jiko la msikiti linatoka stoo likiwa na gunia lake kuukuu, mfuko wa magadi, ubao wa kukwangulia na kapu la magunzi, na linaandikwa daftarini kwa jina la mchomaji mwenyewe, si la mwenye arusi. Muislamu au Mkristo, anaazima kwa sharti hilo hilo, na Mkristo anaombwa jambo moja la ziada ambalo hadi sasa hakuna jirani aliyelikataa: nguruwe achomwe kwenye wavu wake mwenyewe. Linarudishwa kesho yake kabla ya Alasiri. Katibu hunyunyiza maji juu ya nondo mbele ya aliyelileta, na kama yanateleza, mchomaji analibeba tena pamoja na kapu lake.